Asilimia ya nini? Maswali yenu kuhusu PCOS

Barua za wiki hii, kutoka Lamu na Malindi, zinahusu maradhi ya vifuko vingi vya ovari, PCOS, na dawa za kutafutia mtoto.

*Shikamoo shangazi. Dada yangu alipewa klomifeni akazaa. Mimi nimeandikiwa letrozoli. Kwa nini nisipewe iliyomfaa yeye? (Langoni, Lamu)*

Marahaba, mwanangu. Dada yako ni mtu mmoja, na huenda angezaa hata bila dawa. Ndiyo maana watafiti hugawa wagonjwa kwa kura, ili wenye hali nafuu wasirundikane upande mmoja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 uliwagawa hivyo wanawake 750 wenye PCOS, kila mmoja akitibiwa hadi mizunguko mitano ya hedhi. Waliojifungua watoto hai walikuwa 103 kati ya 374 wa letrozoli, na 72 kati ya 376 wa klomifeni: asilimia 27.5 kwa 19.1. Kwa hiyo daktari wako ana hoja. Lakini tazama pia kwamba hata upande ulioshinda, zaidi ya 70 katika kila 100 hawakupata mtoto kwa muda huo. Usipopata mapema, usijilaumu, na asikulaumu mtu.

*Nimeambiwa kuna tiba inayofaulu asilimia 60. Niwapeleke pesa? (Mume, Malindi)*

Waulize kwanza: asilimia 60 ya nini? Katika utafiti wa 2007 wa wanawake 626, waliomeza klomifeni pamoja na metformini, dawa ya kisukari, yai lilipevuka katika asilimia 60.4 ya mizunguko. Kwa klomifeni peke yake, 49. Ilipofika kuhesabu watoto, ikawa 26.8 kwa 22.5, tofauti ndogo ambayo bahati tu ingeweza kuileta. Yai kupevuka si mimba, na mimba si mtoto mkononi. Tena mizunguko sita ya mwanamke mmoja si wanawake sita, kama vile mashua moja ikivuka mara sita baina ya Shela na Lamu haiwi mashua sita. Anayetangaza kwa mizunguko bila kutaja watoto, mimi simpi hata shilingi.

*Walioacha dawa njiani huhesabiwa? (Watamu)*

Wahesabiwe, tena katika kundi walilopangiwa. Ukiwafuta, dawa inayowashinda watu itaonekana bora kuliko ilivyo.

*Mwanangu naye apimwe, au tatizo ni la mkewe? (Mama mkwe, Mkomani)*

Apimwe, Bi. Katika tafiti zote mbili nilizotaja, mbegu za mume zilipimwa kabla mkewe hajaanza dawa.