Puma kaonekana Lansing? Kabla hujaforwadi hiyo picha

Swali: Habari mtaalamu. Mi naishi Lansing, Michigan. Kwenye grupu letu la WhatsApp inazunguka picha ya puma (yule paka mkubwa wa porini wa Amerika) mweusi nyuma ya nyumba ya mtu, wanasema eti serikali ndo imewaachia kimyakimya wapunguze kulungu. Watoto wangu wanacheza nje. Kuna ukweli hapo?

Jibu: Pole kwa presha dada. Tuanze na rangi maana hapo ndo picha inajiumbua yenyewe. Puma mweusi hajawahi kuthibitishwa popote duniani, si mzima si mzoga. Paka wakubwa weusi ni chui (hata Laikipia yupo, alipigwa picha safi kabisa 2019) na jagwa wa Amerika ya Kusini, sasa hao Lansing wanatafuta nini? Mara nyingi ni paka wa jirani tu kapigwa kwenye nyasi, hakuna kitu pembeni cha kulinganishia ukubwa.

Ila usije ukasema Michigan hakuna puma, hapo nawe utakuwa umedanganya. Mwaka 2017 dereva mmoja alimpiga picha huko Bath, hapo hapo jirani na nyinyi, na idara ya maliasili ya jimbo (DNR) ikathibitisha. Lakini karibu wote waliothibitishwa wako kule juu Upper Peninsula, ile rasi ya kaskazini ya jimbo, na Machi 2025 huko huko kaunti ya Ontonagon walionekana watoto wawili wa puma, kitu ambacho hakijaonekana jimboni zaidi ya miaka 100.

Hilo la serikali kuwaachia, hapana, wanakuja wenyewe. Madume machanga yakifukuzwa kwao yanatembea mno, mwaka 2011 mmoja aligongwa na gari Connecticut, wakapima DNA wakakuta katokea Black Hills, Dakota Kusini, yaani zaidi ya kilomita 2,400 kwa miguu yake!

Mi nikiletewa picha naulizia mkia kwanza. Wa puma ni mrefu, mnene, unakaribia kugusa chini na ncha yake ni nyeusi, ukiona kamkia kafupi huyo ni bobketi, paka mwitu mdogo wa huko. Halafu nataka picha orijino, sio skrinshoti ya skrinshoti, niende pale pale nisimame alipokuwa mnyama nipime na ule mti au uzio unaoonekana. Nyayo nazo zinasema sana: ya puma ina upana wa sentimita 8 au 9, kucha hazionekani, na kisigino nyuma kina vinundu vitatu. Ukiona alama za kucha, karibu kila mara ni mbwa au koyoti, jamii ya mbwa mwitu wa huko.

Ukikuta unyayo weka rula pembeni, piga picha ya juu kwa juu, ufunike na ndoo mvua isiuharibu, kisha watumie DNR. Na watoto waambie wakikutana na puma wasikimbie wala wasimpe mgongo, wasimame wajitanue, wapige kelele, huku wanarudi nyuma polepole.