Komedi ya mashushushu ya miaka ya 60, unaigeuzaje kuwa muvi ya leo bila kuiua?

SWALI: Kaka shikamoo. Nasomea uandishi wa filamu, mwaka wa pili. Niliangalia Get Smart ya 2008, ile ambayo Steve Carell anacheza shushushu Max, nikaipenda, halafu nikatafuta zile za zamani za TV nikashangaa, maana Max wa zamani ni bwege kabisa na huyu wa kwenye muvi ana akili zake. Kwa nini walimbadilisha? Na mtu akitaka kuchukua komedi ya zamani ya nusu saa aifanye muvi, kitaalamu anaanzia wapi? Halafu vile vitu ambavyo watu wanavikumbuka, simu ya kwenye kiatu na ile misemo, vinawekwa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo la simu ya kiatu umeliweka mwisho na umefanya vizuri, wengi wanaanza nalo na ndio hapo projekti zinapoharibika, kwa hiyo na mimi nitalifikia baadaye.

Kwanza muda. Get Smart ya TV ilianza 1965 kwenye kituo cha NBC cha Marekani, ikaja kumalizikia kituo kingine, CBS, 1970, episodi 138, kila moja nusu saa, ukitoa matangazo unabaki na kama dakika 25. Walioibuni ni Mel Brooks na Buck Henry, kipindi ambacho James Bond ndio habari ya mjini, na wao walichofanya ni kumchukua yule shushushu mtanashati wakampokonya akili wakamwachia kujiamini. Basi. Max wa Don Adams hajui kitu ila hana shaka hata chembe, anajigonga, anaanguka, anainuka anarekebisha tai na kuendelea kuongea kwa ile sauti yake kavu ya puani kama hakuna kilichotokea. Adams alipata Emmy tatu, zile tuzo za TV za Marekani, kwa hiyo kazi, na ukiangalia vizuri utaona hachekeshi kwa kukunja uso, anachekesha kwa kutokukunja.

Sasa mtu wa namna hiyo habadiliki. Wiki ijayo anarudi bwege vilevile na mtazamaji anamtaka hivyohivyo, kazi ya maana anaifanya 99, ajenti wa kike anayefanya kazi na Max, aliyechezwa na Barbara Feldon, halafu Max anaondoka na sifa. Kwa dakika 25 inatosha sana. Ivute mpaka dakika 110 uone, kufika ya 40 watu ukumbini wameshaanza kuperuzi simu zao, sio kwamba vichekesho ni vibaya, ni kwamba hakuna kinachosogea, mtu aliyeingia sini ya kwanza ndio huyohuyo atakayetoka sini ya mwisho na ukumbi unalihisi hilo hata kama hauwezi kukueleza.

Na hii walishaijaribu. 1980 ilitoka muvi ya sinema, The Nude Bomb, Don Adams yuleyule, kiatu kilekile, ila 99 hawakumweka. Haikwenda. Mimi naiona kama somo la bure kabisa, kwa sababu walibaki na sura ambayo watu wanaijua wakaitupa injini, yaani ujinga wa Max unachekesha pale ambapo kuna mtu makini pembeni anayeuona na kuuvumilia, ukimwondoa huyo shahidi unabaki na mzee anayejigonga kwenye vitu. Walipokuja kutengeneza muvi ya TV mwaka 1989, Feldon alirudi.

Haya, tuje 2008. Mwongozaji Peter Segal, waandishi Tom J. Astle na Matt Ember. Hawa walifanya uamuzi ambao mashabiki wa zamani wengine hawajawasamehe mpaka leo: ujinga wa Max waliutoa kichwani wakaupeleka mikononi na miguuni. Max wa Carell ni mchambuzi wa ofisini, anasikiliza maongezi ya maadui, anaandika ripoti ndefu ambazo wenzake zinawachosha, na anachokitaka maishani ni kimoja tu, kuwa shushushu wa mtaani. Anafaulu mtihani vizuri, bosi anamkatalia, sababu ni mzuri mno kwenye meza. Umeona? Ndani ya dakika chache mtu ana kitu anachokitaka na ana sababu ya kunyimwa, sasa una muvi. Akishatoka nje akili iko sawa ila mwili hauna uzoefu, ile sini ya chooni kwenye ndege anajaribu kukata pingu za plastiki kwa kile kiupinde kidogo na kila akifyatua kinamrudia mwenyewe, pale hachekwi kwa kuwa mpumbavu, anachekwa kwa sababu alishafikiria kila kitu isipokuwa mkono wake.

Halafu angalia ripoti zinavyolipa. Mwanzoni ni utani, Max anang'ang'ania kwamba hata watu wabaya ni binadamu wana maisha yao, wana ndoa zao, na hakuna anayemsikiliza. Baadaye anakutana na lile jitu (ni yule mwanamieleka The Great Khali, kama mlikuwa mnaangalia mieleka nyumbani utamjua), na kinachomwokoa Max sio ngumi, ni kwamba alishasikiliza habari za jitu na mke wake. Mwandishi amepanda kitu kama kichekesho akakivuna kama stori. Hilo kwenye episodi ya dakika 25 huhitaji hata kulifikiria, kwenye muvi bila hilo umekwisha.

Sini ambayo mimi huwa nawarudishia wanafunzi ni ya kushambuliwa makao makuu ya CONTROL, shirika la ujasusi analofanyia kazi Max. Hebu fikiria matatizo waliyokuwa nayo waandishi mezani. Moja, kwa nini bosi mwenye akili timamu atume mchambuzi asiye na uzoefu? Mbili, Carell amezaliwa 1962 na Anne Hathaway anayecheza 99 amezaliwa 1982, na 99 lazima awe mwenye uzoefu kuliko Max, hiyo miaka unaielezaje? Tatu, wana Dwayne Johnson kama Agent 23, shujaa anayejua kila kitu, sasa kwa nini asiende yeye tukamaliza? Jibu ni tukio moja tu. KAOS, genge la maadui wa CONTROL, wanavamia, majina na sura za maajenti zinavuja, kwa hiyo 23 anajulikana, anakalishwa ofisini. Max hajawahi kutoka nje, hakuna anayemjua, anapanda cheo. 99 ametoka kufanyiwa opareshini ya kubadilishwa sura, kwa hiyo naye hajulikani, na hapohapo tunaambiwa ana umri mkubwa kuliko sura yake. Madeni matatu yamelipwa kwa pigo moja, na juu yake uvamizi unaleta swali la nani msaliti wa ndani, ambalo linabeba nusu ya pili yote. Sisemi muvi yote ni bora hivyo, katikati kule Urusi kuna sehemu inalegea, ila hiyo sini aliyeiandika alikuwa anajua kazi.

Kuna suala la utani wenyewe pia, watu hulisahau. 1965 kumtania Bond kulikuwa kupya, Bond mwenyewe alikuwa na miaka mitatu tu kwenye sinema. Kufika 2008 Austin Powers, zile muvi za kumtania Bond, alishapita mara tatu na kila pembe ya Bond ilishatafunwa, na zaidi ya hapo Bond wa 2006 amekuja mkavu, anatoka damu, hana vile vidude vyake vya ajabu. Ukija na utani uleule unamtania mtu ambaye hayupo tena. Ndio maana Segal alifanya aksheni ya kweli, watu wanaanguka kutoka kwenye ndege, gari na treni vinawaka, na komedi inatokea katikati ya hatari ambayo ni hatari kweli. Kwangu mimi alipatia ingawa bei yake ipo, ile hali ya zamani ya seti za bei chee na ukuta unaotingishika mlango ukifungwa ilikuwa na utamu wake na umepotea.

Vicheko vya kurekodiwa navyo, usivisahau. Za TV zilikuwa navyo, kwa hiyo mdundo wa maneno uliandikwa ukiacha nafasi ya kicheko. Ukihamisha dayalogi hiyo neno kwa neno kwenye muvi unapata mashimo, waigizaji wanasubiri kitu ambacho hakiji. Kama wewe uliangalia kwa ile iliyotafsiriwa na dijei pale kibanda umiza, rudia ya asili tafadhali, maana dijei anaongea palepale ambapo Max ananyamaza, na kunyamaza ndio utani.

Sasa simu ya kiatu. 1965 ilichekesha kwa sababu simu ni kitu cha waya, kizito, kimekaa mezani, na huyu mtu anavua kiatu hadharani anapiga. 2008 kila mtu ana simu mfukoni, utani umekufa kifo cha kawaida. Njia moja ni kubaki zamani, kama walivyofanya The Man from U.N.C.L.E. ya 2015, nayo ni muvi iliyotokana na TV ya mashushushu ya zamani, wakaiacha stori miaka ya 60. Get Smart walichagua nyingine, CONTROL wa zamani wamewekwa makumbusho, suti, kiatu, lile gari Sunbeam Tiger, vyote nyuma ya kioo, tunaviona mapema tukacheka kidogo tukapita. Baadaye Max anasingiziwa usaliti, anafungwa, anatoroka, hana kitu, na vifaa pekee vilivyo karibu ni vile vya makumbusho. Hapo kiatu kinarudi kwa sababu stori imekilazimisha. Jaribu hilo kwa kila kifaa chako: ukikitoa, je sini inaanguka? Kama haianguki, ulikiweka kwa ajili ya makofi.

Misemo ni vilevile. Ule wa "ungeamini nikikwambia", kwenye episodi ya kwanza kabisa Max anamtishia adui kwamba meli saba za walinzi wa pwani zinakuja, adui haamini, anashuka mpaka sita, mwisho anaishia kwa polisi wawili kwenye boti la makasia. Ukichukua maneno tu umechukua ganda. Kilichomo ndani ni mtu aliyebanwa anayepunguza bei ya uongo wake mwenyewe hadharani bila aibu, na muvi wakajenga upya ngazi hiyo kwa vitisho vya leo. Mtu ambaye hajawahi kuona ya zamani anacheka sawasawa na babu yake.

Kwa hiyo unaanzia wapi. Chukua episodi kadhaa, kwa kila kicheko andika kinatoka kwa mhusika, kwa hali, au kwa kifaa. Vya kifaa vingi utavitupa, vya hali utavifanyia kazi upya, vya mhusika ndio mali. Kisha andika sentensi moja, huyu mtu anataka nini na nani anamnyima, ukishindwa kuiandika baki na episodi, sio kila kitu lazima kiwe muvi. Na kabla hujatumia hela yoyote ulizia haki, mwenye wahusika anaweza kuwa tofauti na mwenye wimbo wa mwanzo, na ule wimbo wa Get Smart ni nusu ya kumbukumbu za watu.

Hukuuliza ila najua utafika huko, waigizaji wa zamani. Bernie Kopell, aliyecheza Siegfried, adui wa Max kwenye TV, yumo kwenye muvi ya 2008 kwa sekunde chache kama dereva tu, Siegfried mwenyewe kachezwa na Terence Stamp. Anayemjua anatabasamu, asiyemjua anaona dereva aliyekasirika na stori inaendelea. Mpe mzee kitu halisi cha kufanya, kifupi, halafu mwache aende zake.