Watumiaji 3,000 na mfukoni hamna kitu

Juzi dogo mmoja wa Mwanza kanitumia meseji: "Kaka habari, nimemaliza ekstensheni yangu ya Chrome, nasubiri ifike watumiaji elfu kumi ndo nianze kuchaji, unanishauri nini?" (Ekstensheni ni programu ndogo unayoiongeza kwenye brauza.) Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana huyo ni mimi wa miaka mitatu nyuma.

Yangu ilianza kwa shemeji. Yuko kampuni ya kliaringi pale bandarini Dar, kila siku ananakili namba za makontena kutoka jedwali la kwenye brauza kwenda Excel, moja moja, kidole kimoja kwenye kioo asiruke mstari. Nikamtengenezea kitufe, unabonyeza jedwali lote linashuka kama faili. Wikendi moja kazi imeisha. Nikalipa dola 5 za kujisajili Chrome Web Store, duka la Google la ekstensheni (unalipa mara moja tu, Firefox bure kabisa), nikaiweka hewani.

Ya katikati naruka, ikafika watumiaji 3,000, wengi wa Ulaya na wala sijui walinipataje. Kifua mbele, grafu nawaonyesha hadi watu wa kijiweni. Hela? Sifuri. Nilikuwa nasubiri "ikue".

Halafu nikafanya ujinga wangu. Nikataka ekstensheni igundue majedwali yenyewe kabla mtu hajabonyeza, kitu ambacho hakuna aliyeniomba, nikaongeza `<all_urls>`, yaani ruhusa ya kuingia tovuti zote, kwenye manifest.json, faili la kutajia ruhusa za ekstensheni, nikatuma apdeti Ijumaa jioni nikaenda zangu harusini. Sasa sikia, ukiongeza ruhusa yenye onyo, Chrome inaizima ekstensheni kwa kila aliyenayo mpaka akubali mwenyewe, na onyo lenyewe linamwambia itasoma na kubadilisha data zake zote kwenye tovuti zote. Wewe ungekubali? Wiki ile ile nikabaki na 1,700 na nyota moja moja zimejipanga, mmoja kaniita mwizi. Mwizi! Mimi ambaye hata seva ya kupelekea data sikuwa nayo! Ile reviu iko pale mpaka leo. Na ruhusa ya `activeTab` niliyoanza nayo ilikuwa inatosha kabisa, mtu akibonyeza unapata ukurasa ule tu, onyo hamna.

Ndo nikaamua kuchaji, kwa hasira kusema kweli. Google walishafunga malipo ya dukani kwao tangu 2021, kwa hiyo hela unaitafutia njia mwenyewe, na PayPal yangu ya Bongo ilikuwa ya kutuma tu, kupokea hapana. Nikaenda kwa hawa wanaouza kwa niaba yako, Paddle na Lemon Squeezy ni wa aina hiyo, wao ndo muuzaji kisheria, VAT za Ulaya wanahangaika nazo wao, wanakata chao wanakuletea kilichobaki. Mistari 20 ya jedwali bure, zaidi ya hapo dola 4 kwa mwezi. Usiku ule ule mhasibu mmoja wa Poland akalipa. Sikulala.

Kwa hiyo vijana, acheni kuhesabu watumiaji. Anayelipa ni yule ambaye kazi yake inakwama bila wewe, mpe bei mapema. Na msipoteze wiki mbili kuficha kodi (ya kompyuta, siyo ya TRA), JavaScript ya ekstensheni mtu akitaka kuisoma ataisoma tu, na atakayeivunja atumie bila kulipa hakuwa mteja wako. Mpeni bei mapema, narudia.

Mtapata pia imeili za "tunanunua ekstensheni yako" au "weka mistari miwili ya kodi yetu tukulipe kila mwezi". Mimi nilipata tatu nikiwa sina hata hela ya bando, nikafuta zote. Ekstensheni ya The Great Suspender ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, ikauzwa 2020, Februari 2021 Google wakaiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Watu walimwamini mwenye nayo wa kwanza, wakaumizwa na wa pili. Ukiuza unauza na hao waliokuamini.

Mwezi uliopita wamelipa watu 61. Siyo utajiri ila kodi ya nyumba inatoka humo. Shemeji nimempa leseni ya bure ya maisha, badala ya asante kaniuliza kitufe nimekihamishia wapi.

Yule dogo nimemjibu aweke bei leo leo. Akaniandikia: "Sawa kaka nimekuelewa, ngoja kwanza nifikishe elfu tano."