Kabla Matokeo Hayajatoka: Kuandaa Maombi ya Chuo Ukiwa Lamu

Mitihani ya KCSE, ile ya taifa ya kumaliza shule ya upili hapa Kenya, ikimalizika mwezi wa Novemba, vijana wetu wa visiwa vya Lamu, kuanzia Amu, yaani mji wa Lamu, hadi Pate, Faza na Kizingitini, hubaki na wiki kadhaa mikononi, na wengi wao huzipitisha wakingoja matokeo tu. Nimewasaidia wanangu, wapwa zangu na watoto wa majirani kuomba nafasi za vyuo kwa miaka mingi, nami naamini kwa dhati kwamba hakuna kipindi chenye faida kubwa kuliko hicho. Matokeo, ambayo miaka ya karibuni yamekuwa yakitangazwa Januari, yakishatoka, mambo huenda mbio: KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hufungua tovuti yake kwa muda maalumu na kuifunga. Aliyekamilisha karatasi zake huutumia muda huo kuchagua kozi kwa utulivu, na asiyekuwa nazo humalizia siku zake kwenye foleni za afisi.

Anza na majina. Toa cheti cha kuzaliwa, karatasi ya matokeo ya darasa la nane, karatasi ya usajili wa mtihani na vitambulisho vya wazazi, uvipange pamoja, kisha usome kila jina herufi kwa herufi. Mpwa wangu mmoja alikuwa Fatma katika cheti cha kuzaliwa na Fatuma katika karatasi za shule, na jina la babu yake lilikuwa Omar mahali pamoja na Omari mahali pengine. Tuliketi jamvini, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikifuatia kwa kidole kwenye karatasi ya pili, na tofauti zote zikaonekana kabla ya magharibi kuadhiniwa. Kwetu pwani jambo hili ni la kawaida mno, kwa kuwa jina moja huandikwa na karani huyu Mohamed na karani yule Muhammad, na nyumbani hakuna anayejali kwa sababu mtu ni yule yule. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba ni yule yule. Tofauti ya namna hii huhitaji hati ya kiapo au marekebisho katika afisi inayohusika, na shughuli hizo huchukua muda ambao mwezi wa Desemba unao, lakini wiki za maombi hazina.

Nambari ya cheti cha kuzaliwa nayo ina uzito wake. Ili kuingia katika tovuti ya KUCCPS, mwanafunzi hutumia nambari yake ya mtihani na mwaka alioufanya, na nambari ya cheti cha kuzaliwa iliyoandikwa wakati wa usajili wa KCSE hutumika kama neno la siri la kuanzia. Kwa hiyo mwanafunzi aulize shuleni mapema ni nambari ipi iliyoandikwa, aihakikishe kwa macho yake mwenyewe, na aiweke mahali ambapo hataipoteza.

Wale wa visiwani wana jambo moja zaidi la kupanga, nalo ni safari. Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vyema maji yakijaa, na anayetoka Pate kuja Amu hufuata saa za bahari wala si saa za afisi. Inawezekana kabisa kufika mjini wakati karani ameshafunga dirisha, ukalazimika kulala kwa jamaa. Nawashauri wazazi wa huko wakusanye shughuli zote za karatasi katika safari moja, na karatasi zenyewe zisafiri ndani ya faili la plastiki gumu lenye kifungo, kwa maana mawimbi ya kaskazi hayachagui cheti wala shati.

Kuhusu saiba, yaani vibanda vya kulipia huduma za intaneti, naomba nisikike vizuri. Vijana wengi humwachia mhudumu wa saiba afungue barua pepe, achague neno la siri na aandike nambari ya simu, nao huondoka na risiti ya malipo peke yake. Mwanafunzi afungue barua pepe yake mwenyewe, yenye jina lake halisi, aandike neno la siri katika daftari la nyumbani, na atumie laini ya simu ambayo haitabadilishwa mwezi ujao. Ada ya maombi, ambayo imekuwa shilingi 1,500, hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, na ujumbe wa malipo usifutwe.

Katika kuchagua kozi, nawasihi wanafunzi wasome masharti ya masomo kabla ya kulipenda jina la kozi. Shahada hudai wastani wa C+ na diploma wastani wa C-, lakini wastani peke yake hautoshi. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne, na pointi za kundi hilo, ambazo ukomo wake ni 48, huhesabiwa kwa kuangalia masomo hayo pamoja na matokeo ya jumla. Ndiyo maana vijana wawili wenye wastani mmoja wanaweza kutofautiana sana katika kozi moja. Anayetaka uhandisi atazame Hisabati, Fizikia na Kemia yake. Anayetaka uuguzi aanze na Bayolojia na Kemia. Tovuti huonyesha pia pointi za mwisho zilizokubaliwa miaka iliyopita, nazo zisomwe kama mwongozo tu, kwa kuwa hubadilika kulingana na waombaji. Nafasi zote za machaguo zijazwe, na angalau moja iwe kozi ambayo pointi za mwanafunzi zinaizidi waziwazi na ambayo yuko radhi kuisoma kwa moyo. Karibu na nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, nacho kinastahili kufikiriwa na familia ambayo nauli na kodi ya chumba ni mzigo.

Mwisho ni fedha. Kupangiwa chuo hakuleti mkopo. Maombi ya HELB, bodi ya serikali inayotoa mikopo ya masomo ya juu, ni shughuli ya peke yake, yenye fomu zake, vitambulisho vya wazazi na wadhamini, na cheti cha kifo ikiwa mzazi amefariki. Aliyetimiza miaka 18 asingoje barua ya chuo ndipo aende kwa chifu kuomba kitambulisho cha taifa. Barua hiyo ikishapatikana ichapishwe nakala kadhaa, kwa sababu fomu za basari, yaani misaada ya karo, za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, kwa kawaida huidai pamoja na orodha ya karo ya chuo, na kila fomu inayopelekwa afisini ipigwe picha kwa simu kabla haijakabidhiwa.