Usiyazoe yote, ila usiyaache yalale

Dada, umeuliza kama lazima uzoe majani yote yaliyoanguka kwenye nyasi za ua wako huko Minnesota, Marekani, kabla ya theluji. Kuyazoa si lazima. Lazima ni yasilale pale kama mkeka.

Nyasi za huko ni za aina inayopenda baridi, kwa hiyo mwezi wa kumi bado zinakua na zinataka jua. Majani yakiloa yanashikana, mwanga haupiti, unyevu unabaki chini, na theluji ikija juu yake kuvu wa ukungu wanapata kwao. Mwaka wetu wa kwanza tulipuuza majani chini ya mwaloni mmoja. Mwezi wa nne theluji ilipoyeyuka, nyasi pale zilikuwa zimelala chapa, zimefunikwa na utando wa kijivu kama wa buibui. Nilichana kwa reki, nikarudishia mbegu.

Yakiwa machache, na makavu, pita juu yake na mashine ya kukatia nyasi, mara mbili, yawe vipande vidogo kama majani ya chai. Yanazama kati ya nyasi na kuoza, mbolea ya bure hiyo. Ukishindwa kuona nyasi, hapo ndipo uchukue reki. Mengine rundika chini ya maua, au fanya mboji.

Ila usiyasukume barabarani kama jirani zangu. Mvua huyaloweka, fosforasi yake, kirutubisho cha mimea, inaingia mtaroni hadi ziwani, na mwani unastawi.