Mwanangu, Kiwanja cha Mtwapa Kiandike

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mkeo na kwa wajukuu wangu. Barua yako nimeisoma kwa makini. Unaniuliza mambo matatu: kumbukumbu za watu waliofilisika hutafutwa wapi, maana ulikwenda mahakama ya kaunti hapo Garden City, Kansas, ukaambiwa hawana, kama majirani na wenzako wa chama cha kuchangiana watajua ukiomba ufilisi, yaani mahakama ikuondolee madeni yaliyokuzidi, na kama ingefaa kiwanja chako cha Mtwapa, Kenya, tukihamishie kwanza kwa jina langu. Kwa kuwa nimekuwa karani katika ofisi ya mawakili hapa Wichita kwa miaka mingi, nitakujibu kama karani na pia kama mama. Jibu la swali la tatu ni hapana, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya barua hii.

Makarani wa kaunti walikuambia kweli. Katika Marekani ufilisi ni jambo la serikali kuu, kwa mujibu wa Katiba yenyewe, wala si la kaunti wala la jimbo. Mahakama iliyo hapo mjini kwenu husikiliza madai, talaka na jinai. Kesi za ufilisi za kaunti zote 105 za Kansas huenda katika Mahakama ya Ufilisi ya Wilaya ya Kansas, yenye ofisi Wichita, Topeka na Kansas City. Ukitaka kumtafuta mtu kwa jina, kwa mfano yule fundi anayetaka umlipe kabla ya kuanza kazi, fungua akaunti katika mfumo wa mahakama uitwao PACER, ambao una sehemu ya kutafuta kesi nchi nzima. Kila ukurasa hutozwa senti 10, na waraka mmoja hauzidi dola 3. Matumizi yako yakiwa dola 30 au pungufu kwa miezi mitatu, hulipi chochote. Ipo pia huduma ya simu isiyolipiwa, ambapo sauti ya mashine hukusomea namba ya kesi, tarehe yake na kama mdaiwa amekwisha kusamehewa madeni. Na siku ukiwa Wichita, katika ofisi ya karani wa mahakama kuna kompyuta za umma unazoweza kusomea majalada bure.

Hata hivyo, mahakama ya kaunti usiiache kabisa. Rudi uulize kama kuna mdai yeyote aliyekwisha kukushitaki au kupata hukumu dhidi yako, kwa sababu kila mdai lazima aorodheshwe kwa jina na anwani, na deni lililosahauliwa laweza kukufuata baadaye.

Kuhusu watu kujua, nitakuambia hasa kinachoonekana. Ukurasa wa kwanza wa ombi una jina lako kamili, majina mengine uliyowahi kutumia, tarakimu nne tu za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii, anwani yako, na aina ya ufilisi unaoomba. Kurasa zinazofuata zinaonyesha mali, madeni, mapato na matumizi. Watoto wadogo hawatajwi kwa majina yao kamili. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuzisoma. Lakini sharti kwanza aamue kukutafuta, na wadai wako ndio watakaopelekewa taarifa. Mwenzako wa chama atajua iwapo chama kinakudai. Rekodi hiyo inaweza kubaki katika taarifa yako ya mikopo kwa miaka 10, nawe utaihisi ukitafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari. Mwajiri wako kiwandani haruhusiwi kisheria kukufukuza kwa sababu tu umefilisika. Aibu unayoiogopa naielewa, mwanangu, kwa maana tumelelewa tukiamini kwamba deni hulipwa hata kwa kuuza kitanda. Ila madeni yako mengi ni ya hospitali, ya ule ugonjwa wa mtoto, na mimi sioni aibu ndani yake. Sheria hii iliwekwa kwa ajili ya mdaiwa mkweli aliyezidiwa.

Sasa kiwanja. Sheria inakutaka utaje mali yako yote popote ilipo na yeyote aliyeishika. Mtwapa imo ndani ya maneno hayo sawasawa na gari lililoegeshwa mlangoni pako. Michango uliyokwisha kutoa kwenye chama kabla zamu yako haijafika nayo imo, na hata salio la simu uliyoiacha kwa dada yako. Ukikihamishia kwangu leo kisha ukaomba ufilisi mwezi ujao, fomu itakuuliza umempa nani mali katika miaka miwili iliyopita, nawe utajibu ukiwa chini ya kiapo. Ukisema kweli, msimamizi wa ufilisi, yaani mtu anayeteuliwa kusimamia mali ya kesi yako, anaweza kuomba uhamisho huo ubatilishwe, na jaji anaweza kukunyima msamaha wa madeni yote ikiwa ulihamisha ndani ya mwaka mmoja kwa nia ya kuwakwepa wadai. Ukisema uongo, hilo ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano, na kwa mtu ambaye bado anatafuta uraia sihitaji kuendelea. Kufilisika kihalali peke yake si kosa wala hakukuondolei haki ya kuishi hapa. Udanganyifu mahakamani ndio wa kuogopwa.

Wala usidhani kukiandika ni kukipoteza. Katika ufilisi wa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, msimamizi anaweza kuuza mali isiyolindwa na kuwagawia wadai, na ulinzi wa Kansas, ambao ni mpana kwa nyumba unayoishi na unafika dola 20,000 kwa gari, haukifikii kiwanja usichoishi. Lakini ipo Sura ya 13, ambamo unabaki na mali yako na kuwalipa wadai kidogo kidogo kwa miaka mitatu hadi mitano, mradi wapate si chini ya kile ambacho wangepata kama kiwanja kingeuzwa. Ipi inakufaa kati ya hizo mbili itategemea thamani ya kiwanja na kipato chenu, na kwa sababu ya kiwanja hicho nakusihi usijaze fomu peke yako. Jihadhari pia na watu wanaojaza fomu kwa malipo bila kuwa mawakili: wao wanaruhusiwa kuandika unachowaambia, basi, hawaruhusiwi kukushauri.

Jambo jingine linalotuhusu sisi tunaotuma fedha nyumbani. Fomu inataka kila zawadi iliyozidi jumla ya dola 600 kwa mtu mmoja katika miaka miwili, hivyo ulizonitumia mimi zitatajwa, nami sina kinyongo. Mkopo uliomrudishia mjomba wako utatajwa pia, kwa sababu malipo kwa jamaa wa karibu ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi yanaweza kudaiwa yarudishwe ili wadai wote wagawiwe. Tangu leo usimlipe ndugu yeyote deni kabla hujaonana na wakili.

Kuwa mbali na mji mkubwa hakukuzuii. Somo la ushauri wa mikopo, ambalo lazima ulimalize ndani ya siku 180 kabla ya kuomba, hufanywa kwa simu au intaneti kupitia wakala aliyeidhinishwa. Mkutano na msimamizi, ambao zamani ungekugharimu safari ndefu na siku ya kazi, sasa kwa kawaida hufanywa kwa video. Utaonyesha kitambulisho na kujibu maswali kwa kiapo, na mkeo anaweza kuombewa mkalimani bila malipo. Ada ni dola 338 kwa Sura ya 7 na dola 313 kwa Sura ya 13, ombi moja kwa mume na mke, na unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Tangu saa ombi linapopokelewa, wadai kwa kawaida hulazimika kuacha kupiga simu, kushitaki na kukata mshahara. Baada ya hapo kuna somo la pili la usimamizi wa fedha, usilisahau, kwani bila cheti chake msamaha hautolewi.

Wasiliana na Kansas Legal Services, shirika la msaada wa kisheria, uulize kama mnastahili msaada. Wakati huohuo nitumie hati za mshahara za siku 60 zilizopita, ritani ya kodi ya mwisho, barua zote za wadai, na nakala ya hati ya kiwanja. Nitamwomba shangazi yako apate mthamini Mtwapa atuandikie bei ya leo, kwa sababu hiyo ndiyo namba ya kwanza ambayo wakili atakuuliza.

Wako akupendaye,
Mama