Re: Mdogo wangu karudi nyumbani, tunaogopa kuongea naye

Pole sana ndugu. Umesema mdogo wako katoka hospitali baada ya kujaribu kujiua, na nyumbani hakuna anayethubutu kuligusa. Sisi tulimuuguza kaka yetu hapa Kirumba, Mwanza.

Anza na nyumba, leo hii: sumu za shamba zitoke, dawa zake ashike mtu mmoja. Wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa ni za hatari zaidi, asilale peke yake.

Kisha muulize waziwazi kama mawazo yale yanarudi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kaka alitwambia kimya chetu kilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe! Jioni tulikaa naye ziwani tu, bila mahubiri.

Kliniki msiiruke hata akionekana mzima. Akianza kuaga watu, mpelekeni hospitali ya Bugando usiku huohuo.